Habari ya Maneno ya Kiingereza Yatajayo Namna ya Kutenda

Mwalimu afundishaye Kiingereza hana budi siku moja kuulizwa na wanafunzi wake: "way", "manner", "method", "mode" na "means", je, si neno moja lenye majina matano? Kamusi humjibu nusu tu. Akilitafuta neno la kwanza huelekezwa kwa la pili. Akilitafuta la pili hurudishwa kwa la kwanza. Naye husimama katikati kama msafiri aliyeuliza njia kwa watu wawili, na kila mmoja akamtuma kwa mwenzake. Kwetu nasi twasema njia, namna, jinsi, mtindo, mbinu na utaratibu. Lakini maneno haya hayalingani moja kwa moja na yale, wala mtu hawezi kuyapanga safu mbili akafunga kila neno na mwenzi wake.

Kusudi la makala hii ni kuonyesha ya kuwa tofauti za maneno hayo si pambo la wasomi. Kila neno liliingia katika Kiingereza kwa mlango wake, likiletwa na watu wa kazi fulani, nalo lingali lina harufu ya mahali lilipotoka. Tena palikuwa na wakati ambapo mali nyingi, na malipo ya kazi ya miaka mingi ya mtu mmoja, vilitegemea neno moja kati ya haya, na mahakimu wanne wakashindwa kupatana juu ya maana yake. Mwalimu aijuaye habari hiyo hatamwambia mwanafunzi, "Yote ni mamoja."

Neno lililo la kale kuliko yote ni "way". Waanglo-Saksoni walisema "weg", na Wajerumani mpaka leo husema "Weg". Maana yake ya kwanza ni njia ya kupita, na asili yake ya mbali sana yahusiana na kuchukua mizigo na kusafiri. Hapo ndipo ilipozaliwa maana ya pili, yaani namna ya kutenda. Kwa kuwa mtu atendaye jambo ni kama mtu aendaye mahali. Mawazo haya si ya Waingereza peke yao. Neno letu njia ni la Kibantu cha asili: Wakikuyu husema njĩra, Wakamba nzia, Wazulu indlela, na wasemao Kilingala huko Kongo husema nzela. Nalo pia limetoka katika ardhi iliyokanyagwa na miguu, likaingia katika mambo ya moyo na ya kazi. Basi "way" na njia si ndugu wa damu, ila ni ndugu wa mawazo. Ndiyo sababu mwanafunzi wetu hulishika neno hili upesi, na akilitumia mahali pasipo lake hakosei vibaya.

"Way" lilikuwa na mwenzake, "wise", maana yake namna. Siku hizi halisimami peke yake sana, lakini limebaki limejificha ndani ya maneno mengine, kama "likewise", vivyo hivyo, na "otherwise", vinginevyo. Neno hilohilo la watu wa kaskazini lilihamia Ufaransa, likageuka sauti likawa "guise", kisha likarudi Uingereza katika vazi hilo jipya. Na sasa maana yake ni sura ya nje, mara nyingi sura ya kuficha yaliyo ndani. Hivyo neno moja lilitoka nyumbani, likarudi kama mgeni, wala wenyeji hawakulitambua.

Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari wakaishinda Uingereza, na kwa muda wa vizazi vingi wakuu wa nchi na mahakimu walisema Kifaransa. Hata sheria ya mwaka 1362, iliyoamuru mashauri yasemwe kwa Kiingereza barazani, haikuyaondoa maneno ya Kifaransa. Yalikwisha kuota mizizi. Katika jamii hiyo wametoka "manner", "fashion" na "means".

"Manner" latokana na neno la Kilatini la mkono, "manus". Kwanza lilitaja namna mtu ashikavyo kitu kwa mkono wake, kisha namna atendavyo, kisha desturi yake. Likiwa katika wingi, "manners", maana yake ni adabu. Yafaa kukumbuka mkono huo, kwa kuwa "manner" haliachani na mtendaji. Ukitaja "manner" ya mtu, wataja jinsi alivyo anapotenda: ni mpole au mkali, ana haraka au ana makini.

"Fashion" latokana na tendo la Kilatini la kufanya. Zamani lilikuwa jirani sana wa "manner", na Wafaransa wangali wakitumia neno lao "façon" kwa maana hiyo. Lakini katika Uingereza neno hili lilivutwa na washonaji na watu wa jumba la mfalme, na tangu karne ya 16 limezidi kuwa neno la mavazi. Kiswahili kimelipokea katika maana hiyo ya pili tu: fasheni kwetu ni nguo, nywele na viatu, wala hakuna asemaye fasheni ya kulima.

"Means" ni neno la katikati. Asili yake ni neno la Kilatini "medianus", kitu kilicho kati. Katika Kiingereza cha zamani liliweza kumtaja hata mtu asimamaye kati ya wawili, yaani mpatanishi. Baadaye likawa jina la kitu kilicho kati ya mtu na makusudi yake: chombo, fedha, msaada wowote wa kumfikisha. Kwa hiyo mtu mwenye "means" ni mwenye mali, na asiye na "means" ni maskini. Mwanafunzi akifasiri kwamba huyu hana njia, amepoteza maana. Neno letu lililo karibu nalo ni nyenzo, yaani magogo wayawekayo watu chini ya chombo wanapokikweza pwani au kukishua majini. Neno hili latokana na kwenda, kwa kuwa nyenzo ndizo ziendeshazo. Katika bunge la Uingereza maneno mawili yaliunganishwa, "ways and means", kuwa jina la kamati iliyotafuta fedha za matumizi ya serikali. Kamati hiyo ilikomeshwa mwaka 1967, lakini naibu mkuu wa Spika angali akiitwa kwa jina lake. Walioiita hivyo hawakurudia neno bure. Walitaja njia za kupatia fedha, na fedha zenyewe.

Kundi la tatu liliingia kwa mlango wa vitabu. "Mode" ni neno la Kilatini "modus", yaani kipimo. Wanafunzi wa muziki na mantiki walilichukua kutoka katika vitabu vya Kilatini, na katika karne ya 17 Waingereza wakalipokea mara ya pili kutoka Kifaransa kwa maana ya mtindo wa mavazi. Katika sarufi lilibadilika sauti likawa "mood", neno walitumialo walimu kutaja hali ya kuamuru na hali ya kutaka. Hapo kipimo chaonekana wazi: kitenzi ni kilekile, ila chawekwa katika mojawapo ya hali zilizokwisha kuhesabiwa. Basi "mode" lafaa pale penye hali chache zijulikanazo, moja ikichaguliwa badala ya nyingine. Kama usafiri ulivyo wa nchi kavu, au wa majini, au wa angani.

Sasa tumefika kwenye "method", neno lenye historia ndefu kuliko wenzake. Ni la Kiyunani, "methodos", nalo limeundwa kwa maneno mawili: moja lina maana ya kufuata, na la pili, "hodos", maana yake njia. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume "hodos" ndilo neno litumikalo pale ambapo imani mpya yaitwa Njia. Lakini ndugu yake "methodos" aliishi maisha mengine. Kufuata njia kwa mpango kwaweza kuwa kwema, na kwaweza kuwa kwa kuvizia. Katika Agano Jipya neno "methodeia" laonekana mara mbili tu, zote mbili katika Waraka kwa Waefeso, 4:14 na 6:11, na mara zote mbili ni kwa ubaya. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 waliona ugumu huo. Mahali pamoja waliandika njia, wakiongeza neno la udanganyifu, na mahali pa pili waliandika hila. Neno moja la Kiyunani likapata maneno mawili ya Kiswahili, wala hawakukosea, kwa maana waliangalia kazi ifanywayo na neno katika sentensi, wala hawakuangalia sura yake peke yake.

Kwa Waingereza "method" liliingia likiwa safi, likiletwa na matabibu. Mwaka 1519 Thomas Linacre, tabibu wa Mfalme Henry wa Nane, alitoa kwa Kilatini kitabu cha Galen kilichoeleza utaratibu wa kuponya, na katika jina lake limo neno "methodus". Kwa tabibu "method" ilikuwa tiba ifuatayo kanuni na sababu, kinyume cha kubahatisha dawa. Kisha waalimu wa vyuo wakalishika. Petrus Ramus, aliyefundisha Paris na kuuawa katika mauaji ya Mtakatifu Bartholomayo mwaka 1572, alitaka elimu yote ipangwe kutoka mambo ya jumla mpaka mambo madogo, na mpango huo akauita "method". Vitabu vyake vilisomwa sana Cambridge. Mwaka 1637 René Descartes alitoa huko Leiden kitabu chake juu ya "méthode" ya kuongoza akili, naye alikiandika kwa Kifaransa ili wasiojua Kilatini wapate kukisoma; mwaka 1649 Waingereza walikuwa nacho kwa lugha yao. Tangu hapo neno hili lilikuwa na heshima ya hekima, na heshima huzaa dhihaka. Yapata mwaka 1729 vijana wachache wa Oxford, kati yao ndugu wawili John na Charles Wesley, walianza kugawanya saa zao kwa sala, masomo na kuwatembelea wafungwa. Wenzao waliwacheka kwa kupanga maisha kama watu wapangavyo hesabu, wakawaita Wamethodisti. Jina la mzaha likashika, na leo ni jina la kanisa lenye waumini duniani kote.

Mpaka hapo tofauti ya maneno ilikuwa jambo la vyuo na mizaha. Mwishoni mwa karne ya 18 iliingia mahakamani.

Mwaka 1624 bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuzuia wafalme wasiwauzie watu haki ya kufanya biashara peke yao. Lilibakiza ruhusa moja: mtu avumbuaye kitu kipya kwanza aweza kupewa hati, ambayo sasa twaiita hataza, ili afaidi uvumbuzi wake peke yake kwa miaka 14. Maneno ya sheria yalitaja "manner" ya "manufacture" mpya, yaani kila namna ya kitu kipya kitengenezwacho kwa mikono. Na maneno hayo mawili yote yametoka katika mkono uleule wa Kilatini. Sheria haikutaja "method".

Mwaka 1769 James Watt, fundi wa vyombo vya elimu aliyefanya kazi Glasgow, alipata hataza. Mashine za mvuke za siku zile zilikuwa na kasoro kubwa: mvuke ulipozwa ndani ya silinda yenyewe kwa kunyunyiziwa maji baridi, na kila mara silinda ilipaswa kutiwa moto upya, makaa yakateketea bure. Watt aliona ya kuwa mvuke ukipozwa katika chombo kingine, mbali na silinda, silinda itabaki na moto wake na makaa yataokoka. Katika hati yake aliuita uvumbuzi huo "method" mpya ya kupunguza mvuke na kuni zitumiwazo. Hakuchora picha ya mashine. Alieleza kanuni tu. Mwaka 1775 bunge lilimwongezea muda mpaka mwaka 1800, naye akashirikiana na Matthew Boulton, mwenye kiwanda karibu na Birmingham. Wenye migodi ya Cornwall waliotumia mashine zao walilipa theluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa.

Malipo hayo yaliwachosha wengi. Edward Bull, aliyekuwa zamani akifanya kazi kwa Boulton na Watt, akaanza kujenga mashine zenye chombo cha kupozea kilichotengwa, nao wakamshtaki. Wakili wake hakukana kwamba Watt alikuwa wa kwanza. Alisema neno: sheria yatoa haki kwa kitu kilichotengenezwa, na "method" si kitu, hakiuziki sokoni, wala hakishikiki. Mwaka 1795 mahakimu wanne wa Common Pleas waligawanyika sawasawa. Eyre na Rooke waliona hataza ni halali. Heath na Buller waliona si halali. Wote wanne walikuwa wasomi wa sheria, wote wanne walijua Kiingereza tangu utotoni, na bado neno moja liliwapasua katikati.

Shauri kama hilo, dhidi ya Hornblower na Maberly, lilifika mbele ya mahakama ya King's Bench, na mwaka 1799 mahakimu waliamua kwa upande wa Watt. Hakimu Lawrence alieleza jambo ambalo lingefaa kuandikwa ubaoni. Alisema, kwa maana yake, ya kuwa "method" kwa haki yake ni kupanga mambo na kazi kadha wa kadha kwa taratibu ifaayo. Lakini neno hilo laweza pia kutaja kitu kilichobuniwa, nayo mashine ni kitu kilichobuniwa, basi mashine yaweza kuitikia jina hilo. Hukumu hiyo ilikuja mwaka mmoja tu kabla ya hataza kwisha. Kama Watt angaliandika "engine" mahali pa "method" tangu mwanzo, ugomvi huo usingalikuwa na mlango wa kuingilia. Lakini pengine angalilinda mashine moja tu, na mwingine angaliibadilisha kidogo akaponyoka. Alichagua neno pana, akapata ulinzi mpana pamoja na mashaka yake.

Ubishi huo haukufa. Marekani sheria ya mwaka 1793 ilitaja "art", na mwaka 1952 neno hilo likabadilishwa kuwa "process", na sheria ikafafanua ya kuwa "process" yachukua pia "method". Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliwanyima hataza watu walioiomba kwa "method" ya kujikinga na hasara katika biashara ya nishati, kwa kuwa waliloleta lilikuwa wazo tupu. Nayo sheria ya Australia ya mwaka 1990 ingali yapima uvumbuzi kwa maneno ya mwaka 1624.

Wakati ule ule mahakimu walipokuwa wakibishana, waandishi walikuwa wakikusanya maneno yanayofanana. Mfaransa Gabriel Girard alikwisha kutoa kitabu cha namna hiyo kwa lugha yake mwaka 1718. Kwa Kiingereza John Trusler alitoa chake mwaka 1766. Mwaka 1794 Hester Lynch Piozzi, rafiki wa Samuel Johnson mtunga kamusi, na mke wa mwanamuziki Mwitalia, alitoa kitabu cha kuwaongoza watu katika kuchagua maneno ya mazungumzo. Na mwaka 1816 George Crabb alitoa kikubwa zaidi. Hao wote walieleza tofauti. Lakini mwaka 1852 tabibu Peter Mark Roget alitoa kitabu kilichoyapanga maneno kwa mafungu ya mawazo, bila kueleza linatofautianaje moja na jirani yake. Roget aliwaandikia watu waijuao lugha tayari, ambao huhitaji kukumbushwa tu. Mwanafunzi wetu akipewa orodha ya namna hiyo amepewa funguo nyingi bila kuambiwa ni za milango gani. Huchagua ufunguo mrefu kuliko zote, akidhani mrefu ndio bora.

Ndivyo ilivyotokea kwa "methodology". Mwisho wa neno hili ni uleule wa majina ya elimu. Maana yake ya asili ni elimu inayozichunguza "method" na kuzipima. Siku hizi watu wengi huliandika wakitaka kusema "method" tu. Kadhalika "technique", lililoingia mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka Kifaransa, likitaja ustadi wa mkono katika muziki na uchoraji, lakini sasa hupachikwa kila mahali. Neno refu halimwongezei mwandishi elimu. Humwongezea mashaka ya kukosea.

Sasa tutazame kwa nini mambo haya huwa magumu hasa kwa wasemao Kiswahili. Wengi hudhani sababu ni uchache wa maneno yetu. Sivyo. Sababu ni kwamba Kiswahili huyasema mambo hayo kwa sarufi, mahali ambapo Kiingereza huyasema kwa majina. Twasema "alivyofanya", na ile -vyo- yatosha kutaja namna. Twasema "kishujaa", "kitoto", "kizungu", na ki- yatosha. Twasema "mwandiko wake", "mwendo wake", na umbo la neno lenyewe lataja jinsi aandikavyo na jinsi aendavyo. Twasema "kisu cha kukatia", na mnyambuliko wa kitenzi wataja chombo. Nayo "kwa" yabeba mzigo mkubwa kuliko yote. Fikiri sentensi tatu hizi: alifungua mlango kwa ufunguo, alifungua mlango kwa haraka, alifungua mlango kwa kuuinua kwanza kisha kuusukuma. Sisi twasema "kwa" mara tatu na hakuna anayebabaika. Lakini Mwingereza akitakiwa kuyataja kwa majina, la kwanza ni "means", la pili ni "manner", la tatu ni "method". Mwanafunzi aliyezoea "kwa" moja hajapata kuhisi kwamba pana vyumba vitatu.

Basi na ajulishwe vyumba hivyo kwa mambo ayajuayo. Achukue kazi ya fundi wa jahazi pwani. Fundi alaza mkuku, apandisha mbao za ubavu, kisha atia mataruma ndani. Mpango huo wa kutangulia na kufuata ni "method". Tezo, misumari na fedha za mwenye chombo ni "means". Akipiga kalafati, mkono wake wajua kiasi cha kusukuma pamba katika upenyo bila kuupasua ubao. Ustadi huo ni "technique". Afanya polepole, bila kelele, naye ni mpole kwa vijana wake. Hiyo ni "manner". Mti ukikauka juani kabla ya kupasuliwa, hiyo ni "process", kwa kuwa yaendelea yenyewe hata fundi akiwa amelala. Na hatua za kuandikisha chombo kwa wakuu wa bandari ni "procedure". Mtu akitaka kusema yote kwa jumla bila kupambanua, neno "way" lamtosha, wala hapana haja ya kutafuta lililo kubwa zaidi.

Jambo hili si la mitihani tu. Mkaguzi akiandika katika taarifa kwamba "method" ya mwalimu fulani ni dhaifu, amesema ya kuwa mwalimu huyo hakufunzwa vizuri, na dawa yake ni masomo zaidi. Akiandika kwamba "manner" yake ni mbaya, amegusa tabia yake, na aisomaye taarifa mbali huko ofisini atafikiri mtu huyu ni mkali au hana adabu. Akiandika kwamba hana "means", amesema shule haina vitabu wala ubao, na lawama si ya mwalimu. Maneno matatu, na kila moja lampeleka mtu mahali pengine: moja chuoni, moja mbele ya baraza, moja ghalani kuchukua chaki. Aandikaye taarifa bila kuyapambanua aweza kumdhulumu mwenzake bila kukusudia.

Kwa hiyo mwalimu na awafundishe wanafunzi kujiuliza kwanza kwa Kiswahili, kabla ya kugusa kamusi: Je, nataka kusema alitumia nini, au alikuwaje alipotenda, au alifuata taratibu gani, au ni ipi kati ya hali chache zijulikanazo? Akijibiwa swali hilo, neno la Kiingereza halitakawia. Nasi tutafsirio kutoka Kiingereza tujiulize vivyo hivyo, tusiweke "njia" kila tuonapo "way" na "mbinu" kila tuonapo "technique". Pengine Kiswahili hakitaki jina hata moja hapo. Chataka -vyo- tu, na sentensi itasimama yenyewe.